Iko, Haiko

Nikianza na hekima mtasinzia. Nawajua vijana, nimezaa watano. Basi nianze na ndagala.

Ilikuwa majira ya mvua, mwaka wangu wa pili katika chumba cha kupikia vyuma. Hivyo ndivyo tulivyokiita sisi wafanyakazi wa hospitali, hapa Uvira. Mlangoni waliandika neno refu la Kifaransa, lakini nani alikuwa na muda wa kulitamka? Makasi, pinsi za kubania mishipa, visu, vyombo vya kuzalishia, vyote vilikuja kwetu na damu. Vilitoka kwetu vimeoshwa, vimekaushwa, vimefungwa ndani ya vitambaa na kupikwa kwa moto au kwa mvuke, tayari kumgusa mgonjwa mwingine. Mgonjwa wa Jumatatu asimpe ugonjwa wake mgonjwa wa Jumanne: ndiyo kazi yenyewe, yote.

Sasa nyumbani kwangu Kilibula nilikuwa na beseni zima la ndagala wabichi, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumzika. Ndagala bila jua ni msiba. Siku ya kwanza wananuka kidogo, siku ya pili majirani wanakusalimia wakiwa mbali, siku ya tatu unatupa. Pale chumbani tulikuwa na oveni ya umeme, ile ya joto kavu. Nikaiangalia. Nikajiambia, Furaha, hii oveni inaua kila kitu, sasa tatizo iko wapi? Nikatandika ndagala kwenye sinia, nikashusha moto, nikafunga mlango.

Walikauka vizuri ajabu! Sijawahi kukausha ndagala wazuri namna ile, hata wakati wa kiangazi. Nikawafunga kwenye kitenge, nikafungua dirisha, nikapangusa oveni kwa kitambaa cha sabuni, nikaingiza pinsi zangu na kuzichoma muda wote unaotakiwa, kwa joto lote linalotakiwa.

Kesho yake Daktari alisimama katikati ya upasuaji, mikono juu, akanusa. Akainamia sinia la vyombo, akanusa tena, barakoa na yote.

"Hii pinsi inanuka ndagala," akasema.

Mkubwa wangu aliitwa Papa Ramazani. Alikuwa mtu wa mtaa wa Kimanga, wa zile familia za Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa wakakaa. Mrefu, mpole, mwenye kutembea polepole hata mvua ikimpiga. Siku hiyo hakupiga kelele. Aliniletea pinsi moja, akaiweka mbele yangu juu ya meza.

"Furaha, hii iko safi?"

"Iko safi, Papa. Joto imeua yote."

"Imeua. Sikatai. Sasa weka mu kinywa."

Nikainusa. Sikuiweka kinywani.

"Unaona," akasema. "Ndagala amekufa mara mbili, na bado ni ndagala."

Nilibaki naitwa Mama Ndagala karibu mwaka mzima, hata na mchunga lango. Lakini somo lile liliniingia kuliko karatasi zote za semina. Kuua si kusafisha. Damu iliyokauka kwenye maungio ya makasi, ukiipika, inakuwa damu iliyopikwa. Inajenga ganda, na chini ya ganda uchafu unakaa kimya kama mgeni asiyetaka kuondoka. Kwanza unaosha. Unaosha na sabuni, na brashi, na macho. Halafu ndipo unapika.

Mtanisamehe pia Kiswahili changu. Kile cha kitabu nakijua, masista walinichapa mpaka nikakijua, lakini ulimi wa Kilibula una miguu, unatoroka.

Kuosha, basi. Mnafikiri kuosha ni kazi ya mtu asiyejua kazi. Mimi mwenyewe niliingia hospitali kama mfagiaji, na waliponihamishia kule nilifikiri wananipandisha cheo kutoka sakafu hadi beseni. Papa Ramazani alinipa mswaki. Mswaki wa meno kabisa! Akanipa na pinsi moja, akaniambia niioshe. Nikaisugua mpaka ikang'aa, nikampelekea. Yeye akaifungua mdomo, akaipangusa kwenye maungio kwa pamba nyeupe. Pamba ikatoka nyekundu.

"Uliosha mtu amefumba mdomo," akasema. "Meno yake utaonaje?"

Tangu siku hiyo kila chombo chenye maungio nakifungua. Kinaoshwa wazi, kinapikwa wazi. Hata nyumbani, mikasi ya kushonea siwezi kuiweka imefungwa, wajukuu wananicheka.

Na maji! Hapa kwetu mtu akisema maji, uliza maji gani. Mabomba yakikauka, tulikuwa tunaletewa maji ya ziwa kwa bidoni, yaani madumu. Wakati wa kiangazi, sawa. Lakini mvua ikinyesha milimani, mito inashuka na udongo, na ziwa karibu na ufuko linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mara moja, wakati wa kipindupindu, nilitia klori kwenye maji ya namna hiyo, kipimo kilekile kilichoandikwa ukutani, nikaosha ndoo za wagonjwa na vitanda vyao, vile vyenye tundu katikati. Papa Ramazani akaja akanusa beseni.

"Klori iko wapi?"

"Nimeweka, Papa. Na kipimo."

"Umeweka. Udongo imekunywa. Umelewesha udongo, microbe wanakutazama tu."

Kumbe klori ni kama mfanyakazi mmoja: ukimpa kazi ya kupigana na tope, hana nguvu ya kupigana na kitu kingine. Unayaacha maji yatulie, unayachuja kwenye kitambaa, ndipo unatia klori. Na usiache vyuma ndani ukaenda kula bukari, ugali wetu, na kupiga soga! Niliwahi kuacha makasi ndani ya klori kwa muda wa sahani moja ya sombe. Nilirudi yana madoa ya kutu. Sombe ile ilikuwa tamu, nakiri, lakini makasi hayakusahau.

Sasa nifike kwenye neno.

Papa Ramazani alivumilia mambo mengi, lakini neno moja lilimpandisha damu: nazani, ile nadhani ya kitabu. Nyinyi mnalijua. Hapa kwetu nazani ni kama chumvi, tunaitia kwenye kila chungu. Mama yuko nyumbani? Nazani yuko. Mtumbwi umefika? Nazani. Weye, umekula? Nazani nimekula. Mtu hajui hata tumbo lake mwenyewe! Kwa sababu jina lake lilikuwa Ramazani, wazalishaji wa akina mama walimwita Papa Nazani akiwa amegeuka. Siku moja mmoja wao akateleza, akamwita hivyo usoni. Mzee akamwangalia kwa upole.

"Una hakika?" akamuuliza.

Kati ya chumba chetu na bloku, yaani chumba cha upasuaji, kulikuwa na kidirisha ukutani. Visanduku vya vyombo vilipitia hapo. Na hapo ndipo Papa Ramazani aliweka sheria yake. Anayepokea anashika kisanduku kwa mikono miwili, haondoki nacho kwanza. Anauliza, "Iko?" Anayetoa anajibu, "Iko." Au anajibu, "Haiko," na kisanduku kinarudi ndani. Hakuna jibu la tatu.

Iko maana yake: nimeona kwa macho yangu. Kimeoshwa wazi, kimekaushwa, kimefungwa bila kukazwa sana ili mvuke uingie, kimepikwa muda wote, kimetoka kikavu. Kama kuna kimoja hapo hukukiona, haiko. Alikuja daktari mgeni, Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, safi, kimenyooka. Akatusikia, akacheka sana. "Iko nini? Iko wapi? Mbona sentensi haijaisha?"

"Imeisha," Papa Ramazani akamjibu.

Mimi pia nilicheka wakati ule. Niliona ni mambo ya wazee. Utepe unabandika juu ya furushi, ukipata moto wa mvuke unatoa mistari myeusi, mtu yeyote mwenye macho anaona. Ya nini kuulizana kama watu wanaoapishwa?

Papa Ramazani akapumzishwa kazi kwa sababu ya umri, nami nikabaki mkubwa wa chumba. Mwaka wa pili wa ukubwa wangu, alasiri moja, nilikuwa napika kisanduku cha sezaryeni, cha kumpasua mama na kumtoa mtoto. Tulikuwa na viwili tu vya namna hiyo. Chungu chetu cha mvuke kilikuwa cha umeme, na sheria yake rahisi: mshale ukifika kwenye alama, unaangalia saa ya ukutani, unahesabu dakika thelathini, na unakaa hapo. Unakaa! Mshale ukishuka katikati, unaanza kuhesabu upya. Nikahesabu dakika kama kumi. Ndugu yangu mmoja akanipigia hodi dirishani. Mtoto wa dada yetu alikuwa anaolewa, na banamama wa familia walikuwa wanachagua kitenge cha kuvaa wote. Amekuja na vipande viwili, kijani na njano, niseme nataka kipi.

"Toka kidogo, uone kwenye mwanga," akasema.

Mnajua kitenge. Hakuna kitenge cha dakika mbili. Tukaingia kwenye kijani, tukatoka, tukaingia kwenye njano, tukamsema shangazi mmoja ambaye kila harusi anataka zambarau. Niliporudi ndani taa zilikuwa zimezimika. Kuran, yaani umeme, imekatika, mshale umelala. Nikatazama saa ya ukutani, yenyewe ya betri, ilikuwa inatembea. Lakini ilikatika lini? Dakika tano zilizopita? Kumi na tano? Nikafungua, nikatoa furushi. Utepe ulikuwa na mistari myeusi, mizuri. Nikachukua kalamu, nikaandika juu yake tarehe na jina langu, nikaweka kabatini. Muda wa kwenda nyumbani ulikuwa umefika.

Sikuiba. Sikumpiga mtu. Nilisema tu nazani, tena nilisema moyoni, hata mdomo haukufunguka.

Asubuhi yake mvua ilikuwa inanyesha. Kile kisanduku kingine kilikuwa kimetumika alfajiri, kiko kwenye beseni langu, na damu yake. Ikaingia pikipiki kutoka Lubarika, watu watatu juu yake, matope mpaka kwenye nywele: motari, msichana aliyeitwa Mapendo katikati, na nyuma mama mkwe wake akimkumbatia asianguke. Mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika tangu juzi, na mtoto alikuwa amelala kwa upande, hawezi kupita. Daktari akamsikiliza mtoto moyo, akasimama haraka. Moyo ulikuwa unachoka. Akasema tunapasua sasa hivi.

Kidirisha kikafunguka. Alikuwa Esperansi, muuguzi wa bloku.

"Mama Furaha, kisanduku, mbio!"

Nikakitoa kabatini, nikakipitisha. Akaweka mikono miwili.

"Iko?"

Neno lenyewe fupi, batoto. Mtu anaweza kulisema akiwa amelala. Nikafungua mdomo, na mbele ya macho yangu nikaona kitenge cha kijani, na mshale uliolala, na saa inayotembea. Nikaona na jina langu juu ya utepe, mwandiko mzuri. Nikafikiria: labda kilimaliza. Labda kiko safi kabisa, na huyu msichana na mtoto wake watakufa kwa sababu ya mdomo wangu. Esperansi alikuwa bado ameshika kisanduku, ananiangalia. Angeweza kukivuta tu akaenda. Hakukivuta.

"Haiko," nikasema.

"Unasema?"

"Haiko. Kuran ilikatika jana, nilikuwa inje. Sijue kama ilimaliza."

Daktari akaingiza kichwa kwenye kidirisha. Sijawahi kumwona mtu amekasirika namna ile, wala sijawahi kumwona mtu mwenye haki zaidi ya kukasirika.

"Utepe iko nyeusi, Mama!"

"Utepe inaona moto, Docteur. Haioni saa."

"Sasa nifanye nini? Nimupasue na meno?"

Kichwa changu kilikuwa kimeanza kufanya kazi. Nikamwambia atume mtu Kimanga. Kwenye maternite ndogo ya Kimanga, nyumba ya kuzalishia, walikuwa na kisanduku kimoja cha sezaryeni, tuliwahi kuwaazimisha chetu. Daktari akamtuma yule motari wa Lubarika, hata hajapangusa matope usoni. Halafu akanigeukia tena.

"Na weye upike hii. Kama ya Kimanga haifike, ya kwako njo tutatumia."

Umeme haukuwepo. Tulikuwa na chungu cha zamani cha mvuke, kile cha makala, yaani makaa. Nikakitoa nje chini ya paa, nikawasha mbabula, jiko letu la makala. Nikakifungua kisanduku kile, nikakifunga upya kwenye vitambaa vipya, nikakitia ndani, nikaanza kupepea. Mvua ilikuwa inarusha maji mpaka kwenye makala, nami nikageuza mgongo kuukinga moto. Mama mkwe wa Mapendo alikuwa amekaa ukutani hapo hapo, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimelowa. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "mutoto wangu anakufa mule ndani. Weye uko unapika bukari ya nani?"

"Si bukari, Mama. Niko napika byuma. Bya kumupasua."

"Haikupikwa jana?"

Mnaona swali? Mama wa shambani, hajawahi kuingia chumba chetu, na akapiga pale pale. Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kumwambia umeme, ningeweza kumwambia serikali, hapa kwetu hizo sababu hazikosi wa kuziamini.

"Ilipikwa vibaya," nikamwambia. "Ni minye niliacha moto."

Hakunitukana. Alisogea karibu, akachukua ule ubao wa kupepea mikononi mwangu, akapepea yeye. Nikamwachia, nikasimama kwenye mshale.

Mshale ulikuwa haujafika hata nusu tuliposikia pikipiki. Nikakimbia langoni. Nyuma ya motari alikuwa amekaa mzee mrefu, amelowa mpaka mifupa, bila koti, kwa sababu koti lake la mvua lilikuwa limezunguka kitu alichokipakata mapajani. Papa Ramazani! Nilisikia baadaye kwamba mke wake alikuwa anamfukuza nyumbani kila asubuhi, maana tangu apumzike kazi alikuwa anachemsha vijiko vyote vya nyumba mara mbili kwa siku. Basi alikuwa anaenda pale maternite ya Kimanga kuwasaidia kuosha vyombo. Motari alipofika na ujumbe, mzee alikataa kumpa kisanduku aondoke nacho peke yake. Alisema mtu atakayeulizwa lazima awepo.

Aliteremka, akalifungua lile koti. Ndani kisanduku kilikuwa kikavu. Nikaweka mikono yangu miwili. Huyu ni mtu aliyenifundisha hata kushika mswaki, nami nilikuwa na aibu ya kumtazama, lakini nikamtazama.

"Iko?" nikamuuliza.

"Iko."

Nikakimbia mpaka kwenye kidirisha. Esperansi akashika.

"Iko?"

"Iko!"

Kidirisha kikafungwa.

Tukarudi kwenye mbabula. Papa Ramazani akageuza ndoo, akaikalia, akakamua mikono ya shati lake. Akakitazama chungu changu.

"Na hii ya kwako?"

"Haiko, Papa. Nilienda kuangalia kitenge."

Akapangusa maji usoni. Mvua iliendelea.

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Ulisema haiko mbele ya kisanduku kupita, ama kisha kupita?"

"Mbele ya kupita. Ilikuwa bado mu mikono ya Esperansi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Mababu zake walitoka mbali na misemo yao, naye aliitoa mara chache.

"Mficha uchi hazai," akasema. Halafu akanionyesha mbabula kwa kidevu. "Tia makala. Itakuja mama mwingine."

Nikatia makala. Tukakaa watatu, mimi na yeye na mama mkwe. Niliomba. Sitawaambia niliomba nini, lakini kitenge kilikuwemo. Mshale ulifika kwenye alama, nikaanza kuhesabu, na safari hii macho yangu hayakutoka. Dakika ya kumi na saba tukasikia kitu kama paka. Halafu kimya. Mama mkwe akasimama. Halafu sauti ikaja tena, kubwa, yenye hasira, sauti ya mtu aliyeamshwa bila heshima. Mama mkwe akaketi chini kwenye maji akalia. Mimi pia nililia, lakini nikilia niliangalia saa, kwa sababu zilibaki dakika kumi na tatu.

Alikuwa mtoto wa kike. Jeraha la Mapendo lilikauka vizuri, bila usaha, bila homa, na alitoka hospitali kwa miguu yake. Mimi nikapewa barua ya kutakiwa kujieleza. Nilijieleza ukurasa mzima, na kitenge nikakiandika. Daktari aliisoma amesimama, akaikunja.

"Kesho nitakuuliza tena pale kwenye kidirisha," akasema. "Na utanijibu."

Ndiyo adhabu yangu ilikuwa hiyo, na nilijibu kila siku mpaka nilipostaafu. Kitenge cha kijani nilikivaa kwenye harusi, na sikucheza. Mama mkwe alirudi mwezi uliofuata na mchele mpya wa Lubarika, akaniwekea mezani. "Hii usiipike kama ile chuma," akaniambia. "Weka na chumvi."

Najua sasa ninyi mnaofanya kazi chumbani kwetu mna mashine mpya. Nimesikia ina kioo, inaandika namba, ikimaliza inatoa karatasi na kulia kama simu. Vizuri sana, nami ningeipenda. Lakini mashine haijui nani alifumba mdomo wa pinsi kabla ya kuiingiza. Haijui maji yalikuwa ya rangi gani. Maharagi ukitaka kujua kama yameiva, unaonja moja. Chuma hakuna wa kuonja isipokuwa mgonjwa, na yeye akionja vibaya huwa hasemi, anapata homa tu siku ya nne, na weye umeshasahau hata jina lake. Ndiyo maana kazi yetu haina shukrani. Ukiifanya vizuri, hakuna kitu kinachotokea. Nimefanya miaka yote hiyo ili pasitokee kitu, na ninajivunia!

Papa Ramazani amefariki. Tulimzika siku ya jua, na mke wake alinipa vijiko viwili kati ya vile alivyovichemsha mpaka vikaisha rangi. Ninavyo.

Sasa ninyi mtauliza kwa nini nimeandika, mwanamke mzee mwenye wajukuu wa kufukuzana nao. Nitawaambia. Juzi juzi nilifanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu, hospitali ileile. Watu wote wapya, hakuna aliyenijua. Wakanilaza kwenye brankari, kile kitanda cha magurudumu, shuka tu juu yangu, dripu mkononi, nimefunga tangu jana, na kitovu kinauma. Wakaisimamisha brankari mlangoni mwa bloku. Nikageuza kichwa. Kidirisha kilikuwa hapo, wamekipaka rangi ya bluu.

Mikono ikapokea kisanduku. Nikasikia, "Iko?"

Sikujua kama bado wanauliza! Nikangoja lile jibu, na halikuja. Halafu sauti ya msichana, upande wa pili.

"Haiko. Kitambaa iko na maji ndani. Mungoye, nitaipika tena."

"Utepe iko muzuri," mtu akamjibu. "Na huyu mama muzee iko na njaa tangu jana!"

"Haiko," sauti ikasema tena.

Ni weye huyo, mmoja wenu mnaosoma haya. Sijui sura yako, sijui jina lako, nilikuwa nimefungwa dripu na sina nguo chini ya shuka, ningekuja kukutazama. Sauti yako ilitetemeka mara ya pili, nilisikia. Minye pia nilitetemeka, siku ya Mapendo. Muuguzi akaniinamia, ana aibu. "Mama, utatuhurumia, kuko katatizo kadogo." Nilicheka mpaka ngiri ikaniuma, na machozi yakaingia masikioni, yeye akafikiri naogopa.

"Mumwambie yule mutoto apike bila haraka," nikamwambia. "Minye niko."